Magoti kwa Magoti

Sehemu ya Saba

Mlango ulikuwa unasukumwa.

Hapo ndipo tulipomwacha Yuliana wiki iliyopita, msomaji wangu: kajifungia kwenye chumba cha giza cha studio yao ya Kinondoni, filamu iko mikononi, imelowa dawa, na nje kuna mtu anaupiga mlango kama mwenye nyumba aliyefungiwa nje.

"Fungua!"

Sauti ile haikuhitaji kuulizwa ni ya nani. Ilikuwa ya Felicitas, mke wa Bwana Gozbert, meneja mkuu wa shirika moja la umma. Mwanamke huyo, kabla ya Azimio la Arusha kuwakataza wakubwa anasa na nyumba za kupangisha, alikuwa hawezi kukata keki bila kupigwa picha akiikata.

"Mama, nakuomba," Albano, mchumba wa Yuliana, alisikika akibembeleza upande wa pili. "Chumba hicho hakifunguliwi ovyo. Mwanga ukiingia..."

"We Albano, kaa pembeni!"

Yuliana akauegemea mlango kwa bega lake.

"Shikamoo, Mama," alisema kwa adabu zote. "Humu nina filamu yenu. Ukifungua sasa hivi, picha zenu zote zinaungua."

Felicitas akacheka.

"Kumbe una akili, binti. Ndiyo maana nafungua!"

Giza mle ndani lilikuwa totoro, kwa hiyo hakuna aliyemwona Yuliana akitabasamu. Akaliondoa bega lake mlangoni.

Mlango ukafunguka kwa kishindo, jua la asubuhi likajaa chumbani, na Felicitas akaingia nalo: gauni jeupe, miwani ya jua, viatu vya kisigino kirefu. Hakusalimu. Alitumbukiza mikono kwenye beseni, akaitoa ile filamu, akainyoosha mwangani juu ya kichwa chake. Ikaanza kuwa nyeusi macho yake yakiiona.

"Haya! Nenda nayo kwenye kamati basi!" alisema akihema. "Waonyeshe sherehe yangu. Waonyeshe roshani yangu. Vyote masizi!"

Yuliana alikuwa anajifuta mikono taratibu.

"Sherehe ipi, Mama?"

"Usinichezee. Ile ya nyumba mpya. Umedhani hatujui kwamba umeificha umtishe nayo mume wangu?"

"Aa, ile! Ile niliisafisha zamani, ikakauka. Iko mahali pazuri." Yuliana akaitazama filamu iliyokuwa ikichuruzika dawa juu ya gauni. "Hiyo uliyoshika ni ya Mbagala."

Felicitas akabaki mikono juu.

Ya Mbagala! Nani asiyejua habari ya Mbagala? Kamati inayowachunguza viongozi ilitaka kila mkubwa alete picha yake akilima na wananchi. Gozbert akapelekwa Mbagala na Benzi. Akaliacha mbali, akavua viatu nyuma ya kichaka, akaingia katikati ya wanawake walioshika jembe tangu alfajiri. Akatema mate viganjani kama alivyowaona wenzake wakifanya, akainua jembe, akaganda nalo hewani mpaka Yuliana alipomaliza. Tuta moja hakulifikisha mwisho. Lakini picha zilitoka nzuri ajabu, au tuseme zingetoka, na kamati inakaa Jumatatu.

"Mungu wangu," Felicitas akanong'ona. "Gozi ataniua."

"Pole sana, Mama. Na dawa hiyo," Yuliana akaongeza, "ikishaingia kwenye kitambaa cheupe haitoki."

*

Kwa wewe uliyelipata gazeti hili leo kwa mara ya kwanza, sikia chuki hii ilikotoka.

Baba yake Yuliana, marehemu Anselmo, alikuwa mpiga picha wa Temeke. Miaka ile ya mwanzo ya Uhuru hakuna dansi la wakubwa lililofana bila Anselmo na kamera yake. Aliwapiga wakicheza, aliwapiga wakinywa, na wake zao walimsihi awatoe weupe kuliko walivyozaliwa, naye akawatoa.

Krismasi moja, nyumbani kwa Gozbert pale Ada Estate, miguu yake ilikuwa imevimba. Akaona kiti kitupu kwenye meza ya wageni. Akakaa abadilishe filamu.

Felicitas akamwona. "Toka lini mpiga picha akakaa na wageni?"

Watu wakacheka. Gozbert, glasi mkononi, akataka kuwafurahisha zaidi. Alimpigisha Anselmo magoti juu ya zulia, mzee mzima, aombe radhi meza moja baada ya nyingine. Kisha ikachukuliwa kamera yake mwenyewe, akapigwa nayo picha vile vile alivyopiga magoti. Picha ile ilisafishwa, ikatembea mkono kwa mkono, kutoka Ada Estate mpaka soko la Temeke. Watoto walimwita mzee yule "Magoti" barabarani.

Anselmo akafunga studio. Krismasi nyingine hakuiona.

Yuliana hakulia sana msibani. Alijifunza kazi. Aliyemfundisha ni Albano, aliyekuwa msaidizi wa baba yake, kijana mpole mwenye mikono inayonuka dawa, ambaye baadaye alifungua studio hii ya Kinondoni na baada ya Pasaka atafunga naye ndoa. Wakubwa waliendelea kuita mpiga picha, na mpiga picha aliyekuja alikuwa msichana mkimya. Hakuna aliyemuuliza ni mtoto wa nani, mpaka alipokuwa ameshawapiga wakiwa kwenye nyumba mpya, shampeni mkononi, mwezi ule ule Gozbert alioapa mbele ya kamati kwamba hana hata kibanda cha kupangisha.

*

Jua lilikuwa limegeukia magharibi Gozbert alipokuja mwenyewe. Alikuja kwa miguu! Shati la kitenge, makubazi, kofia imeshushwa mpaka kwenye nyusi. Mapajani suruali ilikuwa imebaki na mstari wa pasi.

"Shikamoo, Mheshimiwa," alisema Yuliana.

"Siku hizi ni Ndugu, binti. Ndugu."

"Shikamoo, Ndugu."

"Marahaba." Akakaa bila kukaribishwa, kwenye kiti cha wateja, mbele ya lile pazia lililochorwa bustani. "Mke wangu ni mjinga. Hilo tulimalize. Sasa tuongee watu wazima. Ile filamu ya sherehe, unataka nini?"

"Wewe una nini?"

"Kamera mpya ya Kijerumani. Kazi shirikani, mezani, feni juu ya kichwa. Au safari ya masomo, nikutafutie nafasi Ulaya ya Mashariki."

Albano, aliyekuwa anapanga fremu ukutani, akageuka haraka. "Yuli, masomo hayo."

"Nimesikia," alisema Yuliana bila kumtazama. "Ndugu Gozbert, mie nataka magoti."

Gozbert akavua kofia. "Unataka nini?"

"Magoti. Yako mawili. Kesho baada ya misa, sebuleni kwako, pale pale alipopiga baba yangu, mbele ya wageni wale wale waliocheka. Utashuka chini, utaomba radhi kwa jina lake, Anselmo, nami nitapiga picha. Filamu yako nakukabidhi mkononi kabla hujashuka."

"Na nikikataa?"

"Jumatatu kamati itaona roshani ya mkeo."

"Basi si uipeleke tu! Kwa nini unihangaishe?"

Yuliana akainama, uso kwa uso naye. Sauti yake ilikuwa ya chini kabisa.

"Kamati itakufukuza kazi. Baba yangu hakufukuzwa kazi."

Badala ya kufoka, Gozbert alitikisa kichwa kama mtu aliyekumbuka jambo la kufurahisha.

"Kesho," alisema. "Njoo na taa nzuri."

Alipotoka, Albano alimshika Yuliana mkono.

"Achana nao, Yuli. Chukua masomo, uwape filamu yao, tuoane tuishi. Watu hawa huwajui."

"Nawajua mpaka weusi wa vifundo vya vidole vyao, wasioweza kuukoboa. Nani aliyekuwa anausugua kwenye picha kila wiki?"

"Mzee ameshakufa."

"Ndiyo maana nakwenda mie."

*

Ungeiona sebule ile Jumapili, ungedhani umeingia kwenye ofisi ya kata. Zulia lilikuwa limeviringishwa, umetandikwa mkeka. Friji limefunikwa khanga. Wiski ilikuwa inanywewa kwenye vikombe vya chai, nayo ilisindikizwa kwa mihogo ya kuchemsha ambayo hakuna aliyeigusa.

Wageni walikuwa wale wale. Mabwana waliovaa suti nyeusi enzi za Anselmo leo walikuwa na mashati ya kitenge yaliyokunjuliwa dukani asubuhi ile. Bibi mmoja mnene alimvuta Yuliana pembeni.

"Binti, leo usinitoe mweupe sana, eh? Watasema najikoboa. Nitoe mweusi mweusi, kimwananchi."

"Mtatoka kama mlivyo, Mama."

Kwenye kiti cha heshima alikaa mzee mmoja mwembamba, ndala miguuni, glasi ya maji mkononi. Yuliana hakumtarajia. Wala wewe hukumtarajia. Alikuwa Revelian, Ndugu Revelian wa kamati ile inayowachunguza viongozi!

Kwa nini Gozbert amwalike mtu anayemchunguza, siku ya aibu yake?

Yuliana hakupata muda wa kufikiri. Gozbert alimjia na kiganja wazi. Yuliana akatoa bahasha ndani ya mkoba wa kamera. Gozbert akaenda dirishani, akaichomoa filamu kidogo kwenye mwanga, akamwona mkewe amesimama kwenye roshani, meno meusi, nywele nyeupe kama mzimu, maana filamu hugeuza weupe kuwa weusi. Akaitia mfukoni, akakung'uta mikono, akaja katikati ya mkeka.

"Ndugu zangu!" akapaza sauti. "Ndugu Revelian! Leo nimewaita mshuhudie. Zamani, katika nyumba hii, mfanyakazi mmoja, Anselmo, alidhalilishwa. Zilikuwa fikra za kikoloni, na mimi sikuwa nimeelimika. Lakini kiongozi wa kijamaa haogopi kushuka mbele ya mwananchi!"

Akapiga magoti.

Akapiga magoti huku anatabasamu, msomaji wangu, mkono mmoja kifuani, uso umegeuzwa vizuri upande wa dirisha ili mwanga umkae. Wageni wakapiga makofi. Bibi mnene akapiga vigelegele. Revelian naye akaweka glasi chini, akapiga makofi polepole, kichwa kikikubali.

Yuliana alikuwa ameshainua kamera. Ndani ya kile kioo kidogo aliona kila kitu: magoti aliyoyaota tangu msibani, na bado siyo aliyoyataka. Kidole kikakataa kubonyeza.

"Piga, binti," Gozbert alinong'ona bila kuacha kutabasamu. "Hii ndiyo itakwenda kwenye kamati badala ya Mbagala. Nakushukuru."

Filamu Yuliana keshaitoa. Magoti kageuziwa kuwa sifa. Baba yake amedhalilishwa mara ya pili, kwenye chumba kile kile, na mara hii aliyeleta kamera ni bintiye!

Nyuma yake Albano, aliyeshika taa ya flashi, alisema kwa sauti ndogo, "Piga tuondoke, Yuli."

Yuliana akashusha kamera.

"Ndugu," alisema, na sauti yake ilikuwa tamu kama ya mwuza ubuyu, "picha imependeza, ila haijajaa. Mama hayumo."

"Mama?" Gozbert akapepesa macho.

"Siku ile mliokuwapo ni wawili. Na ujamaa wa mume peke yake, kamati itauonaje?"

"Kweli kabisa!" alisema Revelian. "Mama naye aje."

"Mama naye! Mama naye!" wageni wakaitikia, na wale waliocheka sana enzi zile ndio waliopiga kelele zaidi leo.

Felicitas alikuwa amesimama kando ya friji. Tangu jana alikuwa amenuniwa na mumewe, amevalishwa khanga asizozipenda, amevuliwa bangili, amepikishwa mihogo. Macho yote yakamgeukia.

"Njoo, mama watoto," Gozbert aliita, tabasamu likianza kumchosha mashavu. "Ni dakika moja tu."

"Sipigi."

"Felicitas."

"Nimesema sipigi magoti! Kwa nani? Kwa huyu? Mtoto wa mpiga picha wa Temeke?"

"Mama, taratibu, ni mfano tu," alisema Revelian.

"Hata kwa mfano!" Felicitas aliruka mbele, khanga ikamwanguka begani. "Kwetu sie ndio tunaopigiwa magoti! Jana kaniharibia gauni, leo anishushe sakafuni kwangu? Mie nina nyumba sita mjini hapa, Magomeni, Temeke, mpaka Kinondoni! Wapangaji wananisimamia mlangoni kila mwezi, shikamoo Mama, shikamoo Mama! Halafu mie nishuke kwenye mkeka?"

Bibi mnene alikuwa wa kwanza kuweka kikombe chake chini. Wa pili alitafuta kofia.

"Nyumba sita, Mama?" aliuliza Revelian.

Felicitas akaziba mdomo kwa viganja vyote viwili. Ilikuwa imechelewa.

Gozbert alikuwa bado magotini. Hakusimama. Pengine miguu ilikataa, pengine alisahau kwamba ana miguu. Alijikokota hivyo hivyo, goti mbele ya goti, mkeka ukikunjamana chini yake, mpaka kwenye ndala za Revelian, akazishika.

"Ndugu Revelian, mke wangu ana homa. Nakuomba. Nakuomba, ndugu yangu, nina watoto."

"Uliapa mbele yetu huna hata moja."

"Sina! Haki ya Mungu sina! Hazina jina langu hata moja!"

Tabasamu lilikuwa limekwisha. Kamasi zilikuwa zinamtoka. Mkono wa kifuani ulikuwa umeng'ang'ania pindo la suruali ya mtu.

Haya sasa ndiyo magoti, alisema Yuliana moyoni. Akabonyeza.

Flashi ikawaka, sebule nzima ikawa nyeupe. Akazungusha filamu, akabonyeza tena: Felicitas na viganja mdomoni. Tena: wageni wakigombania mlango, mgongo kwa mgongo, kila mmoja akificha uso kwa kitenge chake kipya. Miaka yote ile walikuwa wanamlipa mtu awapige. Leo walikuwa wanakimbia kamera kama moto.

"Kama hazina jina lako," sauti ya Revelian haikupanda wala kushuka, "zina jina la nani?"

Gozbert alipepesa macho yaliyopofushwa na mwanga. Akamtazama mkewe. Akamtazama Yuliana, na pale chini alipokuwa, kitu kama furaha kilimpita usoni.

Akainua kidole. Yuliana akadhani anaonyeshwa yeye. Lakini kidole kilipita juu ya bega lake.

"Muulize huyo," alisema Gozbert. "Huyo aliyeshika taa. Zote sita zina jina lake, tangu Azimio. Na hiyo ya Kinondoni wameigeuza studio."

Yuliana hakugeuka mara moja. Alisikia kwanza pumzi nyuma yake, pumzi aliyoizoea gizani kwenye mabeseni ya dawa, imekatika.

Kisha akageuka.

Albano alikuwa amesimama pale pale, taa imemshuka mpaka kiunoni.

"Yuli," alisema. "Mzee alipofunga Temeke, mlikula nini, wewe na mama yako? Nani aliwaletea unga? Mnadhani ulitoka wapi?"

"Kwa hiyo ni kweli."

"Nilitia saini tu, naye akanilipa. Kusaini tu, Yuli. Yeye ndiye..."

Revelian alikuwa amesimama. Alizitoa ndala zake kwenye mikono ya Gozbert, akaja mpaka katikati ya mkeka, akamtazama kijana, akamtazama msichana.

"Binti," aliuliza, "huyu ni nani wako?"

Wachache waliobaki mlangoni waliacha kusukumana. Hata Felicitas aliondoa viganja mdomoni, asikie.

Yuliana alizungusha filamu mpaka ilipokaza. Akainua kamera jichoni, akatafuta uso alioujua kuliko uso wowote wa mjini hapa, akaukaza mpaka ukatulia kwenye kioo.

"Inua taa, Albano," alisema. "Inua vizuri. Nataka uso wote uonekane."